Karafuu za Fethi

Umewahi kumsingizia maiti? Ni kazi nyepesi. Maiti habishi, haapi, haleti shahidi. Unasema lako, watu wanatikisa vichwa, mnakula chakula cha msiba na kunawa mikono. Fundi Zekeriya alimsingizia Fethi, dereva wa teksi, rafiki yake wa miaka ishirini, na kwa miezi kumi na mmoja alilala usingizi mzuri tu.

Fethi alikufa kwenye kona za mteremko wa Dengego, akishuka kwenda Dire Dawa na Pijo 404 ambayo Zekeriya alikuwa ameifunga gia boksi siku iliyotangulia. Magurudumu yalijikaza katikati ya kona, gari likaenda bondeni. Msibani, kabla mtu hajauliza swali, Zekeriya alikwisha kulijibu: marehemu alikuwa amejaza mirungi shavuni, akavuta gia kwa pupa kama anavunja muwa. Na kauli ya fundi anayesikiliza gia boksi kwa bisibisi sikioni, kama daktari, nani katika Harar angeipinga? Alipinga Ramla, mjane. Alisema mume wake aliacha mirungi tangu Ramadhani, siku hizo alitafuna karafuu. Wanawake wa chama cha mazishi walimwonea huruma, ile huruma ya kumpapasa mtu mgongoni huku unamkonyeza mwenzako.

Mambo yalianza na gari jingine kabisa. Nebila, binti pekee wa Zekeriya, alipata kazi ya ualimu Dire Dawa, aanze Jumatatu. Baba mtu akanunua Pijo kuukuu ya kijani amtengenezee kwa mkono wake. Akaifumua gia boksi, akatia beringi mpya, akaipanga upya, akaifunga. Asubuhi, jua likiwaka, akakanyaga klachi, akavuta gia ya usukani kwenye namba moja, akaachia. Gari likarudi nyuma.

Mafundi wa jirani walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja aliuliza kama binti amefungiwa gari la kwenda kinyume kama kaa. Zekeriya naye alicheka, akalaumu bushi za fito zinazoshuka kutoka kwenye usukani, akazibadilisha zote. Akavuta namba mbili, ikaingia nne. Akaitoa gia, akaweka nyutro, gari likaendelea kutambaa. Hapo hakucheka tena. Akafungua kifuniko. Uma za gia zilikuwa sawa, gololi sawa, springi sawa. Akaitazama hata ile pini ndogo inayolala kati ya fito mbili za ndani, urefu wa ukucha wa kidole cha mwisho. Kazi yake ni moja tu: ufito mmoja ukitoka, pini huuzuia mwenzake usitoke. Bila pini hiyo gia mbili huingia kwa pamoja na gari hujikaza kama ngumi. Ilikuwa mahali pake. Kisha akageuka kuchukua kitambaa, na juu ya sinia tupu la vipuri akaona pini ya pili, ilhali gia boksi huwa na moja tu.

Oili ya gia hunuka yai bovu, kila fundi anajua. Hii iliyoilowesha pini ilinukia karafuu.

Aliitupa pini kwenye mfereji wa nje. Mchana akaiuma ndani ya chapati ya fatira, katikati ya yai na unga, ikampasua jino.

Siku ya pili alijaribu tena peke yake, na safari hii gari halikutambaa. Lilirudi nyuma kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda, breki zikizama bila kushika, usukani ukizunguka chini ya viganja vyake kama mkono wa mtu anayekataa kushikwa, likakata kona ya lango, likaingia uchochoro wa washona nguo ambako cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine na wanaume wakavuta miguu yao ndani, likapanda, likashuka, likazidi kunukia karafuu hadi macho yakamtoka machozi, na lilipozimika lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni kwa Ramla.

Ramla alitoka na ungo mkononi. Aliinusa hewa kwa muda mrefu.

"Samahani, shemeji," Zekeriya alisema. "Gia imenisumbua."

"Usiniite shemeji," alisema Ramla, akarudi ndani.

Nebila hakuwa na subira ya mambo ya wanaume na vyuma vyao. Baba yake akiwa kwenye sala ya adhuhuri, alichukua ufunguo akalijaribu mwenyewe. Barabarani, kwenye tambarare, mwendo wa baiskeli, gari lilijikaza ghafla. Alivunjika mtulinga. Zekeriya alipomfikia, binti alimvuta kola kwa mkono mzima na kumnong'oneza sikioni.

"Baba, nilishika gia, na kuna mtu akashika juu ya mkono wangu. Mkono wa baridi. Akasema Jumatatu tutashuka Dengego pamoja."

"Hakusema yeye ni nani?"

"Akasema nikuulize mchana ule wewe ulikuwa na nini mdomoni."

Zekeriya alikwenda kwa Remedan, yule anayelisha fisi nje ya ukuta wa mji. Harar hakuna anayebishana kuhusu hili: fisi hula majini na mashetani, na ndiyo maana ukuta una matundu ya kuwapitishia. Remedan alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba mtu akifa anakwenda zake, lakini qarini, yule jini aliyezaliwa naye, habebwi kwenye jeneza, naye qarini wa Fethi aliona kila kitu. Zekeriya akasema basi atalichoma gari, binti apande basi la abiria.

"Kwani basi linaendeshwa bila gia?" Remedan aliuliza.

Walilisukuma gari hadi nje ya ukuta, magharibi ikiingia. Remedan aliagiza Ramla aitwe, naye akaja, akasimama kando, mikono ndani ya mtandio. Nebila alikaa juu ya jiwe na bandeji yake. Fisi walikuja sita. Walilinusa gari, mlango hadi mlango, kisha wakalipa kisogo kama wanawake walioonyeshwa kitambaa duni.

"Basi hayumo garini," Remedan alisema taratibu. "Fundi, usikimbie."

Kwa maana fisi walikuwa wamegeuka, wote sita, wakaja bila haraka, wakamzunguka Zekeriya karibu sana hata akahisi pumzi zao magotini, na lile jike kubwa likainua shingo likanusa shavu lake la kushoto, hilo hilo moja, likanguruma ndani kwa ndani, na hewa yote ikawa karafuu, na nyuma yao, ndani ya gari lisilo na mtu, gia ya usukani ikasikika ikiingia moja, ikatoka, ikaingia mbili, ikatoka, kama mtu anayesubiri kuondoka.

"Sema," Remedan alisema.

"Niseme nini? Fethi alikuwa na miru..."

Hakumaliza. Kitu kilichipuka ndani ya shavu lake, laini, chungu. Majani. Alitema, akajaribu tena, Fethi alikuwa, na majani yakajaa upya, mabichi, na vijiti vyake, yakasukuma ulimi, yakashuka kooni, akakohoa maji ya kijani, shavu likivimba mbele ya macho ya binti yake.

"Baba," Nebila alisema, "Jumatatu ni kesho kutwa."

Zekeriya alipiga magoti kati ya fisi. Alimtafuta Ramla kwa macho hadi akamwona.

"Siku ile tulikuwa tumekaa barazani pa gereji," alisema, na majani yakalegea kidogo. "Kila mtu ameacha kazi, saa ya kutafuna. Mimi nikaifunga gia boksi huku nimejaza shavu, nijionyeshe kwamba naweza. Pini ikaanguka. Niliisikia ikigonga sakafu. Nikaona aibu kutambaa kuitafuta mbele ya watu, nikafunga kifuniko bila pini."

Fisi hawakusogea. Gia iliingia moja, ikatulia humo.

"Mirungi ilikuwa mdomoni mwangu, Ramla. Yeye alikuwa na karafuu."