Vipimo vya Mteja Asiyekuja

Vipimo vya yule mteja mnene wa asubuhi viliishia kwenye urefu wa gauni. Mama Pindo alikuwa na hakika, maana alivitamka mwenyewe huku futi ikiwa mwilini mwa mteja: kifua arobaini, kiuno thelathini na nne, nyonga arobaini na nne, urefu hamsini na mbili, ahsante dada, pitia Ijumaa. Lakini saa nane mchana, alipoiegemeza simu kwenye cherehani na kuicheza rekodi ili akate, sauti yake ilimaliza urefu, ikanyamaza kidogo kama mtu anayemeza mate, kisha ikaendelea.

"Shingo, inchi sita. Mkono, inchi hamsini. Kifua, bado."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

Ndivyo alivyofanya kazi tangu zamani. Shule aliiacha mapema na kuandika kulimchosha, kwa hiyo kila kipimo alikitamka kwenye simu, kisha alikata akisikiliza, macho kwenye chaki, pini mdomoni. Mikono ilifuata masikio. Hakuwahi kuharibu nguo ya mtu.

"Umesikia?" alimuuliza bintiye, aliyekuwa akitia vifungo karibu na dirisha.

"Nimesikia simu inaomba kustaafu," binti alijibu bila kuinua kichwa. "Mama, betri imevimba kama shavu lenye jino bovu. Kioo nacho kimepasuka. Na huyo mwenye mkono wa inchi hamsini, basi anajikuna kisigino bila kuinama!"

Walicheka wote wawili. Lakini chumba kilianza kunuka nywele zilizounguzwa na pasi, na pasi ilikuwa imezimwa tangu asubuhi.

Siku ya tatu mume wa Mama Pindo, mchomeleaji wa mageti, alirudi kutoka kazini na masizi yake usoni na kuweka boksi jeupe mezani.

"Mke wangu, nikikupigia nakusikia kama umo ndani ya pipa. Haya, pokea. Ndiyo mpya kabisa."

Mama Pindo hakuligusa lile boksi. "Rudisha dukani."

"Nirudishe?"

"Kuna toleo jingine linatoka mwezi ujao. Nasubiri hilo."

"Na likitoka hilo watatangaza jingine," binti alidakia. "Simu si embe, mama, useme unasubiri liive."

"Nimesema nasubiri! Hamna masikio?"

Mumewe alilitazama boksi, akamtazama yeye, akalirudisha kwenye mfuko wa nailoni.

Sababu ya kusubiri Mama Pindo hakumwambia mtu, na hapo ndipo penye kosa lake, wala halikuwa dogo. Wiki tatu nyuma alipigiwa na namba isiyoonekana. Sauti ya mwanamke, ya heshima, ilitaka kushonewa gauni.

"Karibu dukani nikupime," Mama Pindo alisema.

"Kuja siwezi. Na vipimo sina bado. Niwekee nafasi tu, dada, nitakuwa nakusomea kidogo kidogo kadiri ninavyovipata."

Fundi aliyemfundisha kazi alikuwa amemwapisha: usimshonee mtu ambaye futi yako haijamgusa. Aliapa, na miaka yote alikishika kiapo kile. Alikuwa ameshafungua mdomo kukataa, sauti ikamwambia, "Nitakulipa ile simu unayoiota. Ile ambayo bado haijatoka."

Ndoto ile hakuwa amemsimulia yeyote. Angepaswa kuogopa, lakini alifurahi, moyo ukamdunda kama wa msichana aliyechumbiwa. Akasema, "Nimekubali." Na tusimcheke sana, kwa sababu wengi wetu tungeitika kabla sentensi haijaisha, Mungu atusamehe.

Kwa hiyo aliposikia "kifua, bado," alijua ni mteja gani. Akajidanganya kwamba ni uchakavu wa simu. Akaendelea kusubiri.

Kuanzia hapo, kila rekodi ilikuwa na mkia. Jumatatu shingo ilikuwa inchi tisa. Jumatano mkono ulikuwa arobaini, Alhamisi thelathini na mbili, na sauti ilikuwa yake yeye, ile ile ya kubana meno juu ya pini, ila haikuvuta pumzi popote, ilisema kama maji yanavyotiririka kwenye mfereji. Kila siku mtu yule alizidi kuwa mtu. Na kila siku harufu ya nywele zilizoungua ilitangulia, mchana kweupe, jua limejaa mlangoni.

Siku moja alikata na kushona tangu asubuhi mpaka alasiri bila kuinuka. Alipotoa pini mdomoni na kutazama, aliona ameshona gauni la kijivu ambalo hakuna mteja aliyefika dukani aliyeliagiza, kwa kitambaa asichokumbuka kukinunua. Lilikuwa limebaki pindo tu. Alilitundika kwenye hanga ukutani, na nguo tupu, kama mjuavyo, hulegea, lakini ile haikulegea; kifua kilikuwa kimetuna kidogo, kikashuka, kikatuna tena.

Aliicheza rekodi ya mwisho.

"Kifua, thelathini na mbili. Kiuno, ishirini na tano. Nyonga, thelathini na sita. Bega la kulia limeshuka, punguza nusu inchi."

Akakaa chini sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyejua habari za bega lile isipokuwa yeye, aliyekuwa amembeba bintiye mgongoni kwenda hospitali siku alipoanguka ngazini na kuvunjika mfupa akiwa na miaka minne, na tangu hapo kila nguo aliyomshonea aliipunguza nusu inchi kimyakimya, upande wa kulia, ili mtoto asijione ana kasoro.

"Mama," binti aliita kutoka dirishani. Sauti ilikuwa nyembamba. "Hii sketi uliipanua? Inanidondoka."

Hakuwa ameipanua.

Bi Mkunga, muuguzi mstaafu wa wodi ya wazazi ambaye watu humwita kusoma dua nyumba zikiharibika, alifika kesho yake saa nne asubuhi. Alilitazama gauni, akamtazama binti aliyelala kwenye mkeka, mifupa ya mashavu imechomoza, kisha akakaa.

"Usinizungushe," alimwambia Mama Pindo. "Ulikubali nini?"

Akasema yote. Alisema mbele ya mumewe, akilia, hata lile boksi alilolikataa.

"Kwa hiyo mimi nilikuwa nabishana na jini," mumewe alinong'ona. "Nikadhani nabishana na mke wangu."

"Nyamaza, baba, kulaumiana baadaye," Bi Mkunga alisema. "Huyu hana umbo. Anataka la kuvaa. Nguo ikifika pindo, ataivaa kwa vipimo vya mtoto, na mtoto atabaki hana cha kuvaa. Hana mwili, unanielewa? Chukua wembe. Fumua mshono mmoja mmoja, wewe uliyeshona. Usiseme naye, na usisimame mpaka nyuzi zote zitoke. Ukisimama, unampa nafasi."

Mlango ulifungwa. Bi Mkunga alianza kusoma dua kwa sauti ya chini, mume wa Mama Pindo akaitikia. Mama Pindo alilishusha gauni, na lilikuwa na joto kama mtu mwenye homa. Alikata uzi wa kwanza wa ubavuni. Simu ilijiwasha yenyewe mezani.

"Nyonga, thelathini na sita," ilisema kwa sauti yake.

Akavuta uzi. Simu ikasema, "Nyonga, bado." Kwenye mkeka binti alivuta pumzi ndefu.

Akafumua kiuno. "Kiuno, bado." Akafumua kifua huku kitambaa kikijikunyata na kumkwepa kama mnyama anayechunwa akiwa hai, huku harufu ya nywele ikijaza chumba mpaka machozi yakamtoka, huku kucha zikikwaruza ndani ya bati la paa kutoka kona hadi kona, na yeye hakuinua kichwa, alikata na kuvuta, kukata na kuvuta, hata ikabaki mishono miwili ya mabega.

Ndipo mlango ukagongwa mara moja, taratibu.

"Mzigo wako upo kizingitini, dada," ilisema simu. Sasa haikuwa sauti yake. Ilikuwa ile ya heshima. "Lile toleo. Bado halijatoka popote, wewe ndiye wa kwanza. Angalia tu chini ya mlango."

Chini ya mlango kulikuwa na mwanga mwembamba, wa buluu, mzuri mno. Na Mama Pindo mwenyewe hukiri jambo hili kila anaposimulia, wala hajitetei: mkono wake ulisita. Mtoto wake yupo sakafuni anakwisha, nyuzi zipo vidoleni, na yeye alitazama ule mwanga akajiuliza simu hiyo ina kamera ngapi.

Wembe ulisimama kwa muda wa pumzi moja.

"Mama!" binti alipiga kelele akishika bega la kulia.

"Kata, mwanamke!" Bi Mkunga alifoka. "Kata!"

Alikata. Alikata mabega yote mawili, akajikata hata kidole, akavuta nyuzi kwa meno, na gauni likaanguka vipandevipande, vitambaa baridi, vya kawaida. Mwanga wa mlangoni ulizimika. Mumewe alifungua mlango, na kizingitini hapakuwa na kitu ila majivu kidogo yaliyokaa umbo la mraba. Binti aliketi mwenyewe, akaomba maji, akanywa glasi mbili.

Baba yake alipiga magoti akishukuru. Bi Mkunga hakushukuru bado. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye simu.

"Ulisimama," alisema.

"Kidogo tu, bibi. Kidogo sana."

Kioo kilikuwa cheusi, betri imeshatoka na kulala sakafuni, lakini sauti ilitoka, tulivu, haina hasira hata chembe.

"Haidhuru, dada. Uliposimama, nilivirudia vipimo vyote. Nitatafuta fundi mwingine."

Mama Pindo alitoka mbio peku, damu ikimdondoka kidoleni, akasimama katikati ya barabara. Mtaa wao ulikuwa na mafundi kumi na wanne. Ilikuwa saa tano ya asubuhi, siku ya kazi, milango yote imefunguliwa, na kila upande alioelekeza sikio, vyerehani vilikuwa vinalia.