Boti Yangu Ilitolewa Mahari

Nina miaka thelathini na tisa, nauza vipuri vya pikipiki hapa Lodwar, na nina watoto watatu. Kabla sijaanza nawaomba kitu kimoja: msinionee huruma. Huruma nimepewa na majirani mpaka imenikinaisha! Nisikilizeni tu, halafu kila mmoja akaangalie vitu vyake alivyomwachia mtu kwa sababu ya mapenzi...

Mimi napenda boti. Ndiyo, mwanamke wa Kiturkana aliyezaliwa Lorugum kwenye mbuzi na vumbi, anapenda boti! Sivui samaki, sibebi abiria. Naingia ziwani Jumapili baada ya kanisa kujistarehesha tu, kama wengine wanavyokwenda kutazama mpira. Mwanamume akinunua pikipiki ya kuzurura nayo hakuna anayemwuliza. Lakini mimi na boti... lo! Maswali hayaishi.

Boti yenyewe niliinunua kutoka hoteli moja ya ufukweni iliyokuwa inafungwa. Ilikuwa ya faiba, imepasuka chini, imetelekezwa juani. Niliiziba kwa mikono yangu. Na jua la huku halina adabu! Ukichanganya gundi ya faiba jua likiwa limepanda, inaganda ndani ya kopo kabla hujapaka hata kiganja kimoja. Ilibidi niwe nafika Kalokol mapema, napaka kidogo, naacha, narudi wiki nyingine. Ilipoelea mara ya kwanza nilipiga vigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Wageni hukimbilia ziwani asubuhi, wakapigwa na upepo mpaka wakatapika. Sisi wenyeji tunangoja alasiri, upepo ukishatulia. Tunavaa jaketi za kuokolea, tunazunguka taratibu, tunawapa mamba nafasi yao, tunarudi kuchoma samaki. Ni raha ya watu wasio na makuu.

Lakini injini ya ziwa letu inataka nidhamu. Maji yale yana magadi. Ukitoka ukazima injini ukaenda zako, magadi yanaganda ndani yake na kuiziba, na siku nyingine inachemka mpaka inakufa. Kwa hiyo nilikuwa nabeba mitungi ya maji matamu kutoka Lodwar, namimina kwenye pipa lililokatwa, natumbukiza mguu wa injini humo na kuiwasha, mpaka ule mkojo wake wa pembeni, yaani maji yanayorushwa na injini, utoke safi. Kila safari! Majirani zangu wakiwa kwenye foleni ya maji walinisema bila kuficha: "Mama Ajikon, sisi tunatafuta maji ya uji, wewe unaogesha chuma!" Walikuwa na haki ya kusema, na mimi niliendelea kuogesha.

Ewoi, baba wa watoto wangu, ni dereva Kakuma. Alikuwa anakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Mwanzoni aliogopa maji kama paka. Nilimfundisha mimi! Kusukuma boti mpaka ielee, kukaza kizibo cha nyuma kabla ya kuingia, kuchanganya oili na petroli, kugeuza boti ikabiliane na wimbi badala ya kuligeuzia ubavu. Tukawa na ufunguo mmoja mmoja wa kufuli ya mnyororo wa boti. Ningemnyima vipi? Si alikuwa mume wangu?

Sasa sikilizeni balaa lilivyoanza.

Jumapili moja nilifika ufukweni nikakuta injini nyeupe, imeganda magadi kana kwamba mtu ameipaka unga. Na mimi nilikuwa nimeiacha safi! Nikampigia Ewoi. Akaapa kwamba yuko Kakuma na gari limemharibikia, hajaliona ziwa tangu mwezi uliopita. Akasema labda ni vijana wa pale wamevunja kufuli, wakaitumia boti na kuirudisha. Kufuli ilikuwa nzima! Nikainama, nikakwangua magadi kwa mswaki mkuukuu. Mimi, mtu ninayejua plagi mbovu kwa kusikia tu mlio, nikashindwa kusikia uongo wa mume wangu.

Safari iliyofuata sikukuta boti. Kibanda chake kitupu... Pipa langu lipo, makasia yapo, mnyororo umekunjwa vizuri pembeni. Nikakaa kwenye mchanga. Wenzangu niliokuja nao, mwalimu mmoja na fundi wa friji, ambao ndio tunaopenda nao mambo haya ya boti, walinishika kila mmoja upande wake.

Niliripoti polisi. Nikampigia Ewoi nikilia. Na jamani, yule mtu alikuja! Alifika na gari la kwanza, akanikumbatia mbele ya watu, akalia machozi ya kweli. Tulitembea ufuoni kutoka Kalokol kuelekea Eliye tukiuliza kila mvuvi. Ewoi alikuwa anawafokea wavuvi wa watu, anawaita wezi! Nyumbani akakataa chakula, eti roho inamuuma. Mimi ndiye niliyembembeleza ale. Nilimpikia! Nilimwambia asijali, boti ni kitu tu, tutapata nyingine... Nikikumbuka hapo hasira inanipanda mpaka leo, natamani kumpokonya ile sahani.

Ukweli uliletwa na Mama Lopeyok, mwanamke anayekausha samaki Kalokol. Alikuja dukani, hakutaka kipuri chochote, akavuta kiti akakaa. Nikajua kuna neno. Akaniambia kwamba watu wanaomletea samaki kutoka Todonyang wameiona boti nyeupe yenye mstari wa buluu, inamvulia samaki mzee mmoja wa huko. Tena ina jina: wanaiita boti ya ngamia.

Nikauliza kwa nini ya ngamia.

Mama Lopeyok akatazama chini. Akasema ni kwa sababu ilitolewa badala ya ngamia. Kuna dereva wa Kakuma anaoa binti ya yule mzee. Mzee ni mvuvi, ngamia atawachunga wapi? Akasema anataka boti na injini. Dereva kwanza akaja Kalokol na kaka za msichana waijaribu, wakaridhika, na baadaye wakaja kuivuta nyuma ya boti yao mpaka kwao.

Waijaribu! Basi yale magadi niliyokwangua kwa mswaki yalikuwa ya siku hiyo. Boti niliyoiziba kwa mikono yangu, niliyowanyima watoto wangu maji ili niioshe, imekwenda kuniolea mke mwenza! Mmewahi kusikia kitu kama hicho?

Nilikwenda Kakuma siku iliyofuata. Mlango wa chumba cha Ewoi ulifunguliwa na msichana mdogo, mpole, akanisalimu "ejok" kwa heshima zote, akanipa kiti, akaniita mama. Ndiye huyo mke mwenza, na hakunijua! Nilikaa pale nimeshika mkoba kama mgeni aliyekuja kuomba kazi. Ewoi akatoka nyuma na taulo shingoni, akaniona, akasimama.

Nilidhani atakana. Hakukana. Macho makavu!

"Mama Ajikon, mimi ngamia ningetoa wapi?" akaniambia. "Mzee alitaka boti. Na wewe una duka, utanunua nyingine."

Nilimwuliza yale machozi ya ufuoni yalikuwa ya nini. Akasema hakutaka niumie. Hakutaka niumie! Nilipiga kelele mpaka majirani wakajaa mlangoni. Mama mmoja Mkongomani wa chumba cha pili akanishika mkono akanitoa nje akisema, "Banaume bote beko sawa, mama, usijiue roho." Msichana naye alikuwa amekaa chini analia. Sikumchukia, na hilo nalo lilinikera, maana nilikuwa nimekwenda na hasira ya kutosha watu wawili.

Nilirudi Lodwar na nia moja tu: boti yangu irudi. Mume akioa, aoe. Wanaume wetu wengi wana wake wawili, hata baba yangu. Lakini si kwa jasho langu! Nikapeleka kesi kwa chifu.

Siku ya kikao walikuja watu wa Ewoi wakiongozwa na mjomba wake, Mzee Lokol, na baba yangu alitoka Lorugum na fimbo yake. Nilieleza yote. Mwalimu na fundi wa friji wakashuhudia kwamba boti ni yangu. Ewoi alikuwa anachezea simu.

Mzee Lokol akasimama. Akasema hakuna aliyeiba. Akasema mke akishaolewa, alicho nacho ni cha boma la mumewe, awe ni mbuzi au boti. Na mahari ikishapokelewa hairudi ila msichana arudi, na msichana harudi. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Chifu akaniangalia kama daktari aliyeishiwa dawa. Ewoi akatabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniharibu.

Kwa sababu hapo hapo nikajiuliza: mke aliyeolewa... ni nani huyo?

Ewoi alinichukua kwa baba yangu nikiwa msichana, kwa ahadi. Mahari itakuja mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha. Ukaja ukame, akasema tungoje mifugo izaane. Ikazaana, akasema mtoto anaingia shule. Ng'ombe dume wa harusi hajawahi kuchinjwa. Kanisani hatukwenda. Baba yangu alivumilia kwa sababu alimpenda kijana, na mimi nikaitwa mke na kila mtu mpaka nikasahau kwamba bado. Na kwa mila yetu, bado ni bado!

Nikasimama. Baba aliponiona usoni alijua ninachotaka kusema. Akanishika mkono kwa nguvu, akaninong'oneza: "Usiseme, mwanangu. Ukisema hutarudi nyuma." Aliona aibu kwa ajili yangu, na kwa ajili yake pia.

Chifu naye akanieleza waziwazi ili nisije nikasema sikujua. Nikitamka kwamba sikuolewa, boti ni yangu na Ewoi ameichukua bila haki. Lakini pia mimi si mke tena katika boma lile. Watoto si wa Ewoi, ni wa nyumba ya baba yangu, na wataitwa hivyo. Nitatoka mle ndani nikiwa msichana wa Lorugum mwenye watoto watatu, kwa umri huu! Wanawake waliokuwa dirishani wakaguna.

Nikamtazama Ewoi. Nilitaka aseme neno moja tu. Aseme, "Mama Ajikon, acha, nitairudisha." Naapa ningekaa chini! Ningesamehe yote, hata mke wa pili, hata yale machozi. Yeye akacheka. Akawaambia wazee, "Mwacheni, anatisha tu."

Basi nikasema. "Mimi sijaolewa na mtu huyu. Baba yangu hajapokea hata mbuzi. Ninachotaka ni mali yangu."

Kicheko kilimkauka mdomoni. Mzee Lokol akarudi kuketi, maana ngamia wa mahari yangu walikuwa wa ukoo wake kutoa, na wote walijua hawakutoa. Baba yangu aliondoka bila kuniaga. Ewoi akaanza kuniita jina langu la usichana, jina alilokuwa hajalitumia miaka mingi, akisema tuongee nje, tuongee kama watu wazima... Sasa! Sasa ndiyo alitaka kuongea!

Mzee wa Todonyang alipopata habari aliirudisha boti mwenyewe. Alisema binti yake hawezi kuolewa kwa kitu cha mwanamke mwingine, na akamwambia Ewoi atafute ngamia kama wanaume wenzake. Ni mtu wa heshima, siwezi kumlaumu. Lakini kule hakuna aliyeiosha injini. Nilipovuta kamba haikugeuka hata kidogo. Nilipoifungua nilikuta imejaa magadi mpaka ndani, imekufa kabisa.

Hilo ningelivumilia. Injini ni chuma, nauza vipuri, nitaifufua au nitapata nyingine.

Lakini Ajikon, binti yangu wa kwanza, ana miaka kumi na miwili. Watoto wenzake walimwambia shuleni kwamba hana baba, kwamba mama yake alimkana baba yake mbele ya chifu kwa ajili ya boti. Jumapili nilimwambia avae tuende ziwani, tutapiga makasia tu, kama zamani. Hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Nenda wewe," akaniambia. "Si ndiyo uliyoichagua?"

Nimemweleza... Nimemwambia sikuchagua boti, nilikataa kufanywa mjinga. Nimemwambia baba yake ni yule yule, mlango uko wazi. Nimemweleza kwa upole, nimemweleza kwa ukali, nimemweleza nikilia. Mtoto ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza kama anaweza kwenda kulala.

Dada zangu, na nyinyi kaka pia, nawasihi. Kitu ulichokitafuta kwa jasho lako kijulikane ni chako mapema, mbele ya watu, siku mnapopendana, siyo siku ya kesi. Na unayeishi na mtu kwa ahadi, mwulize leo wewe ni nani kwake, na usikubali kujibiwa kwa mvua! Msingoje kama mimi, mkalazimika kuchagua mbele ya wazee kati ya haki yenu na jina la watoto wenu. Haki yangu niliipata. Iko Kalokol, chini ya kibanda, na mtoto wangu hataki kuikaribia.