Siku Bi Fusae Alipopandisha Wavu

Kila asubuhi Bi Fusae alichambua samaki gatini: ngisi huku, vibua kule. Samaki hao walitoka katika wavu mkubwa uliotegwa mbele ya kijiji chao, pwani ya Japani. Wavu huo ulifungwa kwa nanga mwaka mzima, na familia kumi na moja ziliutegemea kwa chakula. Nahodha wa chombo cha wavuvi hao alikuwa mumewe, Tatsuzo.

Mwaka uliopita bahari iliuchukua wavu huo. Jua liliwaka, upepo haukuwapo. Ghafla mkondo ulikuja kwa kasi, ukakata kamba, ukaburuta nanga. Tatsuzo alilia mbele za watu. Kwa miezi mitano walishona wavu mpya.

Siku moja alikuja Bi Nagisa, mfanyakazi wa kituo cha uvuvi.

"Mama, ule mkondo una chanzo chake," alisema. "Huko nje unapita mkondo mkubwa wa maji ya joto, Kuroshio."

"Huo naujua tangu nizaliwe."

"Basi, mara nyingine pembeni yake maji yanajikunja, yanazunguka hivi." Alikoroga maji ndani ya beseni. "Duara moja laweza kuwa pana kuliko ghuba yetu. Likisogea likagonga pwani, maji yake hayawezi kupanda nchi kavu. Yanakimbia kufuata ufuo. Ndiyo yaliyobeba wavu wenu."

"Sasa tutayajuaje, na bahari imetulia?"

"Mara nyingi yanakuja na joto. Pimeni kila asubuhi. Wenzenu wa rasini, yanakopita kwanza, nao wapime. Joto likiruka ghafla, au kituo kikitoa tahadhari, pandisheni mfuko wa wavu, pale samaki wanaponaswa."

Bi Fusae alinunua kipimajoto. Tatsuzo alicheka. "Haya, daktari, mgonjwa ana homa?"

Bi Fusae alipima maji kila asubuhi, akaandika.

Asubuhi moja ya Machi simu ililia. Alikuwa Kinu, rafiki yake wa rasini. "Dada, jana maji yalikuwa nyuzi kumi na nne. Leo kumi na saba na nusu!" Muda si mrefu, kituo nacho kikatoa tahadhari.

Bi Fusae alikimbia hadi nyumbani. Tatsuzo alikuwa akinywa chai.

"Baba Chigusa, pandisha wavu."

"Leo? Itazame bahari, imelala kama mtoto! Na samaki wakubwa ndio kwanza wanaingia!"

"Na mwaka jana haikulala hivihivi?"

Tatsuzo akaweka kikombe chini, akatoka nje. "Jamani, chomboni! Upesi!"

Wanawake nao walipanda. Walivuta hadi viganja vikachubuka. Saa sita mchana mfuko wote ulikuwa gatini.

Saa nane maboya ya wavu yaliyobaki baharini yakaanza kuinama. Yakazama, moja baada ya jingine. Maji yalikimbia kama mto uliofurika. Bi Fusae alishikilia ukingo wa gati.

Kesho yake mkondo ulitulia. Boya la kwanza likaibuka. La pili. La kumi.

"Yote yapo!" wavuvi walipiga kelele. "Hakuna kamba iliyokatika!" Mkondo haukuwa umepata mfuko wa kuusukuma.

Walirudisha wavu. Siku ya tatu chombo kilirudi kimejaa samaki wakubwa, karibu kinywe maji. Gati zima lilishangilia.

Tatsuzo alivua kofia, akamwinamia mkewe mbele ya wote.

"Sikieni," alisema. "Kuanzia leo, chombo hiki hakitoki kabla Fusae hajapima maji."