Kapu na Ghala

Kemboi alikutana na Rispah Wekoye mlangoni pa ofisi za chama cha wakulima, Kitale, siku ya kuandikisha wanachama mwaka wa 1997. Watu walikuwa wamefurika hadi barabarani. Kemboi, fundi wa kompyuta kutoka Saboti, alikuwa amekumbatia skrini kubwa. Rispah, mwalimu wa kompyuta mzaliwa wa Bungoma, akamfungulia njia kwa viwiko, gauni lake la manjano likipepea.

"Asante, malaika."

"Malaika ana jina, bana. Rispah."

Chama kikawapa kazi ya kuandika kitabu cha Kiswahili cha kuwafundisha makarani kompyuta. Walibishana huku wakicheka juu ya jina la kila kitu kwenye skrini. Pale pa kutupia faili zisizotakiwa, Kemboi alikuwa amepaita ghala.

"Ati ghala? Si huko ndiko watu wanaweka mahindi? Tuite kapu la fairi, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho."

"Sawa, mwalimu. Ukisema 'fairi' hivyo, nakubali chochote."

Kufikia Agosti walikuwa wanapanga harusi. Kusahihisha nakala ya mwisho ilikuwa kazi ya Rispah, lakini Jumamosi ile alikuwa na haraka ya kumpeleka Kemboi kwa wazazi wake Bungoma. Akairuka sura ya nne. Ghala likabaki humo.

Karani Mukhisa alipoisoma, akapeleka orodha ya wanachama elfu mbili ghalani, akidhani anaihifadhi. Jioni mwenzake, aliyelijua kama kapu la taka, akalimwaga. Orodha ikapotea yote.

Katibu akawaita. "Nani aliacha hili neno?"

Kemboi akamtazama Rispah. Rispah akainamia viatu vyake.

"Ni mimi," Kemboi akasema. Akafutwa kazi siku hiyo hiyo.

Wiki tatu zilipita kabla Rispah hajakiri kwa katibu. Alipotoka hapo akakimbilia kibanda cha simu, akapiga dukani Moi's Bridge, ambako Kemboi sasa alitengeneza redio.

"Nimesema ukweli, mpenzi. Wanataka urudi."

"Sikuwa nangoja kazi, Rispah. Lawama ningebeba hata mara kumi. Nilingoja unipigie. Hata kuniuliza tu kama nimekula."

"Niliogopa, Kemboi."

"Najua."

"Basi nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini kukuoa, siwezi tena. Na bado nakupenda, hiyo ndiyo inaniua."

Simu ikakatwa. Rispah akabaki ameishikilia sikioni mpaka mama aliyekuwa nyuma yake akagonga kioo. Akatoka, akavuka barabara, akaenda kumwambia mshonaji asikiguse kile kitambaa cheupe cha gauni la harusi. Mshonaji alikuwa ameshakata mikono na kola.