Tiketi ya Kolapo

Karatasi nyekundu ya serikali ya Jimbo la Lagos, ya kufungia duka, bado ilikuwa imebandikwa mlangoni. Morenike, Gbolahan na Kolapo waliingia kwa nyuma. Chumba kilinuka panya.

Hapo ndipo Morenike alipokuwa akiuza tiketi za bahati nasibu na mumewe Wasiu, mpaka Chifu Ogunsola, mwenye duka kubwa la kamari hapa Mushin, alipowachongea kwamba hawana leseni. Wasiu alifia mahabusu.

"Leo tunabeba kodi," Morenike alisema. "Ile Chifu aliyowakata washindi. Kesho serikali inaitaka. Akiikosa, leseni kwisha. Roho yake siitaki. Nataka naye afungiwe mlango."

"Na sefu?" aliuliza Gbolahan, dereva.

"Kolapo alikuwa keshia pale kwa Chifu. Ataifungua."

Kolapo alikuwa na redio sikioni, anasikiliza droo ya bahati nasibu. Mcheza kamari ni mcheza kamari tu. Ghafla akainuka, akasema anakwenda kukojoa. Alikawia.

Saa tisa alasiri. Gbolahan alibaki kwenye gari. Morenike alitangulia kuingia dukani kwa Chifu na bastola, Kolapo nyuma yake. Hapakuwa na mteja hata mmoja. Askari na Inspekta wao wakaibuka nyuma ya kaunta, bunduki mbele, Chifu nyuma yao. Nje, gari la Gbolahan lilinguruma likatokomea.

Morenike alidondosha bastola, akainua mikono. Kolapo hakuinua.

"Umetuuza, Kola?"

"Nimeshinda, dada! Tukimwibia, nani atanilipa?" Akaitoa tiketi, akaipunga, hakuweza kujizuia. "Nilicheza tarehe aliyokufa Wasiu. Katubariki!"

"Umechezea kamari kifo cha mume wangu?"

Morenike aliipokonya tiketi, akaitia mdomoni, akaitafuna kwa hasira, akameza.

Chifu alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Bila tiketi hakuna malipo, kijana. Sheria hiyo."

"Lakini mashine inaonyesha nimeshinda, Chifu!"

"Mashine gani?"

Hapo Kolapo alipagawa. "Mashine gani? Hiyo ya nyuma ya pazia! Unayouzia tiketi serikali isizione, kodi yote unakula wewe!" Akalirarua pazia mwenyewe. Mashine ilikuwa inawaka taa.

Inspekta aliitazama, kisha akamtazama Chifu.

"Afande, tuongee pembeni," Chifu alinong'ona.

"Tutaongea kituoni. Wafungeni wote watatu."

Morenike alinyoosha mikono apigwe pingu. Karatasi ya tiketi ilikuwa bado inamkwaruza kooni, na alifurahi, alifurahi kwelikweli.

"Inspekta," alisema, "ile karatasi nyekundu ya mlangoni mnayo, au nikawabandulie ya kwangu?"