Mkono wa Klachi Uliokwepa Kromu

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki: haya ni kweli tupu, sikuongeza hata neno.

Saa mbili na dakika tano asubuhi, fundi wa kupaka madini alifungua karakana yake akakuta pengo kwenye rafu. Vipuri vinne vya pikipiki ya zamani vilikuwa vimetoweka: mkono wa klachi, mkono wa breki, duara la taa na kifuniko cha tangi. Kufuli zima, dirisha zima. Vikaratasi vilivyofungwa kwenye vipuri hivyo vilikuwa vimefunguliwa taratibu na kupangwa mezani, kila kimoja kimeandikwa neno lilelile: KROMU.

Mwenye pikipiki, mwalimu wa hesabu aliyeirithi kwa marehemu baba yake, alifika amewaka hasira.

"Dada, vitu hivi havitengenezwi tena. Visipoonekana kabla ya saa sita naenda polisi, na mtaa mzima utajua wewe ni mwizi."

Fundi alikuwa na miezi mitano tu tangu afungue karakana. Jina likichafuka, hakuna atakayemletea hata sufuria. Akamkimbilia jirani yake, Mzee Chumvi, polisi mstaafu. (Kazi yake ilikuwa kuongoza magari, lakini hilo si la leo.)

Mzee Chumvi hakumshuku fundi hata chembe. Alianza na muuza vipuri wa ng'ambo ya barabara, ambaye wiki nzima alikuwa akiimezea mate ile pikipiki.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Dukani, hadi saa moja. Kabureta nayo imeibwa?"

"Ipo palepale kwenye rafu."

"Basi usinitukane, mzee. Niache kabureta nzima niibe kifuniko? Ningekuwa mwizi, ningekuwa mwizi mwenye akili."

Mzee akakuna kidevu, akarudi karakana.

"Jana nani aliingia humu?"

"Mwalimu na mama yake, saa kumi na moja," fundi akajibu. "Mama alikuwa na kikapu. Nikawaeleza kazi: tunavua madini ya zamani kwa tindikali, kisha tunapiga kromu, kipuri kinang'aa kama kioo."

"Mama akasemaje?"

"Aliuliza, 'Hata pale palipolika?' Nikamwambia hata pale, patakuwa papya. Akabaki pale kwenye rafu. Mimi na mwalimu tukatoka kushusha tangi kwenye gari, tukaliweka mlangoni, wakaondoka, nikafunga."

Saa tano na nusu fundi, mwalimu na Mzee Chumvi walikuwa sebuleni kwa mama. Mzee Chumvi alikataa kiti.

"Mama Mwalimu, mtu anayeacha kabureta akachukua vilivyoandikwa kromu tu, hataki kuuza. Anataka visiguswe."

Mama akainama, akavuta kikapu kutoka chini ya kochi.

"Mnaniita mwizi wa vyangu? Baba yako hakuwahi kuwa na kitu cha kromu. Hii ni nikeli. Tazama inavyopiga umanjano. Na hapa," kidole chake kikatulia kwenye bonde dogo la mkono wa klachi, "ni vidole vyake viwili, miaka ishirini na minane."

"Mama, mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha mno, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

"Mimi kila kinachong'aa nakiita kromu." Machozi yalimtoka mwalimu. "Kumbe nilikuwa namfuta baba." Akamgeukia fundi. "Dada, nimekuchafulia jina bure. Nisamehe."

Fundi alikuwa ameupeleka ule mkono wa klachi dirishani.

"Leo saa nne ningevitia kwenye tindikali, na hapo hakuna kurudi. Asante kwa kuiba, mama. Duara la taa limeliwa na kutu, nitalipaka nikeli mpya. Huu nitaufuta kwa kitambaa tu."

Mama akamshika mikono yote miwili, hakuiachia. "Asante wewe, mwanangu. Asante."

"Mimi nilijua tangu nilipoingia karakana," Mzee Chumvi akasema.

"Tangu ulipoingia?" Fundi akageuka. "Na mkoba wangu ulioumwaga sakafuni ukachokonoa hadi kopo la poda, ulikuwa unatafuta nini, uzuri?"

"Alikupekua?" mama akashangaa.

"Hadi soksi, mama!"

"Basi atoe soda," mwalimu akakata kesi. "Nne, baridi. Na aombe radhi kwa sauti."

Mzee Chumvi akatazama dari, akakohoa, akaomba radhi. Haya, nikaomba: Mzee Chumvi ni mimi, basi. Nikaenda dukani kwa miguu yangu, jua la utosi, nikarudi na chupa nne zinatoka jasho, nami nikizishinda.