Kikombe Nyuma ya Mtungi

Abner alikufa kifo cha mbwa. Povu lilikuwa limemkaukia mdomoni, na kucha zimejaa udongo wa sakafu aliyoikwaruza. Nyumba yake ya Marani ilinuka chang'aa na dawa ya kuogeshea ng'ombe.

Inspekta Onsongo alitoka nje, akamkuta baba wa marehemu, mzee Machogu, ameketi mbali kando ya ghala.

"Mzee, njoo umtambue mwanao."

"Humo siingii. Wewe ni Omogusii, unajua chinsoni, miiko yetu ya heshima. Baba hakanyagi nyumba ya mtoto aliyeoa. Mtoeni nje."

Onsongo aliwaagiza askari waitoe maiti nje. Kuna wazee walioona heri nyumba ya mwana iteketee kuliko kuvuka kizingiti chake.

Nyanchera, mke wa marehemu, alikuwa tayari ametiwa pingu, mtoto mchanga mgongoni. Jicho moja lilikuwa limevimba kwa ngumi za mumewe. Sababu ya kuua alikuwa nayo, na kitanzi kilimsubiri.

"Ulimtilia nini kwenye pombe?"

"Sikutia kitu, afande. Alinipiga, nikatorokea kwa mama, kule Kiogoro. Nimerudi leo nikamkuta hivyo."

"Muongo!" mzee alifoka kutoka kando ya ghala. "Angalieni nyuma ya mtungi, kichwani mwa kitanda! Kikombe cha sumu ameficha hapo!"

Kikombe kilikuwa hapo hapo. Onsongo alikinusa, akamwendea mzee.

"Nani alikuambia kuna mtungi kichwani mwa kitanda?"

"Mitungi huwekwa..."

"Mitungi huwekwa jikoni, mzee. Uliingia."

Majirani waliokuwa wamekusanyika uani waliguna. Hapo ndipo Machogu alipoanza kutetemeka. Maiti ya mwanawe haikuwa imemtetemesha.

"Chang'aa napika mimi," alisema. "Tangu akiwa mdogo alinionjea kama imekuwa kali. Alikuwa na ulimi mzuri. Baadaye akawa hawezi kuishi bila hiyo. Akauza ng'ombe wa mahari ya mdogo wake. Juzi akanizaba kofi, mama yake akiona. Mimi, baba yake! Nikampelekea ya mwisho. Akaonja, akasema, 'Tata, hii ni kali.' Akamaliza yote."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa kwa kikombe.

"Na mke wake angenyongwa?"

"Huyo ni mtoto wa watu."

Onsongo alimfungua Nyanchera pingu, akamvisha mzee. Machogu alimng'ang'ania mkono.

"Andika nimeua, nimekubali. Lakini usiandike niliingia."

Onsongo alitoa kalamu. Jambo la kwanza aliloandika, akilisoma kwa sauti majirani wasikie, ni kwamba mzee aliingia.